Mshipi Ulifika Kwanza: Nyambizi za Kujitengenezea na Kilindi cha Mtwara

Mvuvi wa mshipi haioni kazi yake. Anashusha chubwi, anahesabu pima kwa urefu wa mikono yake, kisha anasubiri kidole kimwambie kinachoendelea chini. Kiswahili cha pwani kimejaa maneno ya kazi hii ya gizani: bildi ya kupimia kina, chubwi la kuzamisha ndoana, kilindi ambako bildi haigusi kitu. Ni maneno ya vidole zaidi kuliko ya macho. Kule Msimbati na ghuba ya Mnazi, karibu na mahali Ruvuma inapomwaga maji yake mpakani na Msumbiji, maneno hayo hayajastaafu, maana bahari ya kule haikawii kuwa ndefu. Ukishavuka mwamba wa matumbawe, sakafu inaporomoka, na muda si mrefu ngalawa inaelea juu ya mamia ya mita za giza.

Neno nyambizi tumelipokea kwa njia nyingine. Kwa wengi wetu ni chombo cha vita, ndugu yake manowari, mali ya serikali tajiri na mabaharia wenye sare. (Mtaani lina maana nyingine kabisa, lakini hiyo tuiache leo.) Ndiyo maana historia ninayotaka kuisimulia hapa huwashangaza watu. Ziko nyambizi ndogo, za mtu mmoja au wawili, zilizobuniwa na kuundwa na watu wachache wenye swali lao, bila jeshi nyuma yao. Na moja ya kazi kubwa zilizowahi kufanywa na vyombo vya aina hiyo ilifanyika katika bahari yetu hii hii, visiwani Komoro, chini ya kilomita 400 kutoka mdomo wa Ruvuma.

Hoja yangu ni kwamba katika historia hii mshipi ulifika kwanza. Wavuvi walikuwa wameshakigusa kilichoko chini kabla mwanasayansi yeyote hajakiona. Nyambizi ilikuja baadaye, kutazama kile ambacho mkono ulikuwa unakijua. Kwa watu wa Mtwara, hatua hiyo ya pili, ya kutazama, bado haijafika mikononi mwao.

Mafuta ya dandani

Hamu ya kushuka ni ya zamani kuliko chuma. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha Abdallah wawili, mmoja mvuvi wa nchi kavu, mwingine kiumbe wa baharini. Yule wa baharini anampa mwenzake mafuta ya samaki mkubwa aitwaye dandani. Mvuvi akishajipaka, anashuka, anatembea sakafuni mwa bahari na kupumua kama yuko barazani kwake. Msikilizaji wa pwani hakuwa na sababu ya kulicheka jambo hilo. Vyombo vyetu vilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili mbao zisinywe maji. Kama mafuta ya samaki yanaokoa mbao, kwa nini yasimwokoe mtu?

Ulaya walijaribu kwa njia ya useremala. Mwaka 1620 Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Uingereza, alionyesha mjini London mashua iliyopigwa makasia chini ya uso wa mto Thames. Mwaka 1775 Mmarekani David Bushnell aliunda chombo cha mtu mmoja alichokiita Turtle, yaani Kasa: mbao za mwaloni zilizofungwa kwa pete za chuma kama pipa, na viungo vyake vikazibwa kwa lami. Fundi wa majahazi wa Mikindani angekielewa mara moja. Lengo lake lilikuwa kutega baruti chini ya meli ya Waingereza bandarini New York, na jaribio lilishindwa.

Mwaka 1851, bandarini Kiel, Ujerumani, Wilhelm Bauer na wenzake wawili walizama ndani ya nyambizi yake, Brandtaucher. Wenzake walitaka kusukuma mlango kwa nguvu. Bauer akawaambia wafanye kinyume, waruhusu maji yaingie zaidi, mpaka mkandamizo wa ndani ulingane na wa nje. Ulipolingana, mlango ukafunguka na wote watatu wakapanda juu wakiwa hai. Ukikumbuka jambo moja tu kuhusu nyambizi, kumbuka hilo: adui wa chombo si maji yenyewe, ni tofauti kati ya nje na ndani.

Wapenzi wa fasihi wanajua kilichofuata. Jules Verne alichapisha riwaya ya nahodha Nemo kati ya 1869 na 1870, na watu husahau kwamba Nautilus ni nyambizi ya kujitengenezea. Nemo anaagiza vipande kutoka viwanda vya nchi mbalimbali kwa majina tofauti, kisha anaviunganisha kwa siri kisiwani na watu wake. Katika riwaya ya baadaye tunaambiwa kwamba Nemo ni mwana wa mfalme wa Kihindi aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857. Kwa hiyo nyambizi maarufu kuliko zote katika vitabu ni mali ya mtu wa Bahari ya Hindi aliyekimbia dola. Majeshi yaliuchukua ufundi ule baada ya hapo, na karne ya 20 ikatufundisha kuiogopa nyambizi. Lakini ile ndoto ya karakana haikufa.

Deheni haitoshi

Kabla hatujaenda Komoro, hebu tuione kazi yenyewe, maana bila hesabu kidogo hadithi hii inageuka kuwa ya majini.

Fundi wa dau anapambana na maji yanayopenya. Anapiga kalafati kwenye nafasi za mbao na kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, chini ya chombo. Maji yakiingia ngamani, yanafuliwa. Dau linaweza kuvuja kidogo kila siku na bado likafika Lindi salama.

Nyambizi haina ruhusa hiyo. Kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza mzigo wa kilo moja hivi juu ya kila sentimita mraba. Ukifika mita 200, ni kilo 20. Chukua mlango wa duara wenye kipenyo cha sentimita 60, wa kupitisha mtu mmoja kwa shida. Eneo lake ni sentimita mraba 2,800 na ushei, kwa hiyo bahari itauegemea kwa zaidi ya tani 56. Ukifika mita 400, ni zaidi ya tani 110, juu ya kitu chenye ukubwa wa sinia. Ndiyo maana nyambizi ndogo hupenda umbo la tufe au pipa lenye ncha za mviringo. Umbo hilo hugawa mzigo sawasawa, wakati ukuta bapa hupinda katikati. Madirisha yake huwa kuba za akriliki, plastiki nene isiyo na rangi. Bahari inavyozisukuma ndivyo zinavyozidi kukaa sawa kwenye fremu zao.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wanaoanza: shida kubwa ni kuzama. Tufe la kipenyo cha mita moja na nusu husukumwa juu na maji ya bahari kwa nguvu ya tani 1.8 hivi. Kama chombo kizima na watu wake hakifiki uzito huo, kitaelea kama dafu. Mbuni anapima kila kitu, betri, mota, viti, hata abiria, mpaka uzito ukaribiane na ule msukumo. Kisha anaweka matangi. Yakijaa maji, chombo kinashuka; hewa iliyoshindiliwa ikiyasukuma maji hayo nje, kinapanda. Na pembeni kunafungwa uzito wa kutupa, yaani chuma kinachoachiwa kwa mkono siku vingine vyote vikigoma.

La tatu ni pumzi. Watu hudhani kinachoua ndani ya chumba kilichofungwa ni kuisha kwa oksijeni. Hewa ile hugeuka sumu mapema zaidi, kwa kaboni dayoksaidi tunayoitoa wenyewe. Watu wawili katika chumba cha mita mbili za ujazo hawana zaidi ya saa chache. Dawa yake ni feni inayopitisha hewa kwenye chokaa ya soda, ambayo hufyonza ile kaboni, huku oksijeni ikiongezwa kidogo kidogo kutoka kwenye mtungi. Inapendeza kwamba fundi wa dau na fundi wa nyambizi wote wanategemea chokaa.

Hakuna katika haya kinachohitaji jeshi. Kinachohitajika ni chuma kizuri, mchomeleaji asiye na haraka, na mtu mwenye sababu ya kutosha ya kushuka.

Samaki na nahodha wa Nduwaro

Sababu ilipatikana kwa njia ya samaki. Desemba 22, 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London, Afrika Kusini, aliona kwenye shehena ya meli ya uvuvi samaki wa buluu mwenye urefu wa mita moja na nusu na mapezi yanayofanana na miguu mifupi. Profesa J.L.B. Smith alimtambua: silikanti, wa ukoo uliojulikana kwa visukuku tu, ulioaminika kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alitumia miaka 14 kumtafuta wa pili. Alichapisha vipeperushi vya Kiingereza, Kireno na Kifaransa, vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100.

Hapa historia inapita Zanzibar. Eric Hunt alikuwa nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro kwa chombo chake kilichoitwa Nduwaro, jina la samaki ambaye kila mvuvi wetu anamjua. Mwaka 1952 alikutana Zanzibar na Smith na mkewe Margaret, akabeba vipeperushi vyao. Desemba mwaka huo, huko Domoni, kisiwani Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua kwa mshipi samaki mkubwa wa ajabu. Mwalimu Affane Mohamed alimfananisha na picha ya kwenye kipeperushi, na samaki akapelekwa kwa Hunt. Smith akapewa ndege ya jeshi na waziri mkuu wa Afrika Kusini ili akamchukue.

Dunia ilisherehekea ugunduzi. Wakomoro walishangaa kwa sababu nyingine: kumbe watu wanamtafuta gombessa? Walikuwa na jina lake, walijua kwamba nyama yake yenye mafuta mengi haifai, na waliwahi kumvua usiku, kwenye maji marefu, wakiwa ndani ya ngalawa zao ndogo. Wanasayansi walikuwa wamezungusha picha yake pwani nzima kwa miaka, kumbe mshipi ulikuwa unamfikia miaka yote.

Lakini mshipi una mipaka yake. Kwa miaka 35 iliyofuata, silikanti waliofika kwenye maabara walikuwa wamekufa au wanakufa. Watu walipasua miili, wakapima mifupa, wakabishana. Je, samaki huyu anatembea kwa yale mapezi sakafuni mwa bahari, kama babu wa wanyama wa nchi kavu? Smith mwenyewe alikuwa amempa jina la utani la mzee mwenye miguu minne. Maiti haiwezi kujibu swali la mwendo.

Mita 198

Hans Fricke alikuwa mtafiti wa tabia za samaki katika taasisi ya Max Planck huko Seewiesen, Ujerumani, na mzamiaji wa miaka mingi. Alijua kwamba mzamiaji wa mitungi hafiki kwa gombessa. Alijua pia kwamba nyambizi kubwa za utafiti zilihitaji meli mama, kreni, watu wengi na fedha nyingi kila siku. Kutafuta samaki mmoja kwenye miteremko ya volkano usiku, wiki baada ya wiki, hakukufaa kwa chombo cha namna hiyo. Chombo chake kilikuwa GEO, nyambizi ndogo ya watu wawili iliyoanza kazi mwaka 1981 na yenye uwezo wa kushuka mita 200. Rubani wake alikuwa Jürgen Schauer.

Walifika Ngazija mwishoni mwa 1986. Walishuka mara nyingi bila kuona kitu, na Fricke akalazimika kurudi Ujerumani kabla ya kumwona samaki. Usiku wa Januari 17, 1987, Schauer na mwanafunzi Olaf Reinicke wakamwona kwenye mwanga wa taa zao, akiwa hai, kwenye kina cha mita 198. Mita mbili zaidi, na wasingekuwa na ruhusa ya kumfuata.

Walichokiona siku zilizofuata kilimaliza ubishi. Silikanti hatembei. Anaelea na mkondo, taratibu, akiyachezesha mapezi kwa mpishano, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama anayekwenda kwa miguu minne, ila hagusi chini. Mara nyingine anasimama wima, kichwa chini, kwa dakika nzima. Hakuna mvuvi aliyeweza kulijua hilo kupitia mshipi, na hakuna mpasuaji aliyeweza kulijua kupitia kisu. Ilibidi mtu akae naye.

GEO ilikuwa imefika mwisho wa kamba yake. Basi Fricke na Schauer, pamoja na timu ndogo, wakabuni na kuunda nyambizi nyingine, JAGO, iliyokamilika mwaka 1989. Angalia vipimo vyake: urefu wa mita 3 hivi, uzito wa tani 3, watu wawili, kina cha mita 400. Tani tatu ni uzito unaoweza kubebwa na kreni ya meli ya kawaida. Hicho ndicho kilichoifanya ifike mahali ambapo nyambizi kubwa hazikwenda.

Kuhesabu

JAGO iliporudi Ngazija, ilipata jibu la swali ambalo wavuvi walikuwa wamelijibu nusu. Wao walijua kwamba gombessa huvuliwa usiku. Mchana yuko wapi? Yumo mapangoni, kwenye miamba ya lava, kwenye kina cha mita 200 hivi. Silikanti kadhaa hukaa pamoja bila ugomvi, wakisubiri jua lizame. Kila mmoja ana mabaka yake meupe, kwa hiyo Fricke, Schauer na mtafiti Karen Hissmann waliweza kuwatambua mmoja mmoja mwaka hadi mwaka, kama mwalimu anavyolijua darasa lake.

Hapo ndipo kutazama kulipogeuka kuwa kuhesabu, na hesabu ikawa habari mbaya. Mwaka 1994 mapango yaleyale yalikuwa na samaki wachache sana kuliko mwaka 1991. Bila nyambizi, idadi ile ingeweza kushuka bila mtu yeyote kujua, maana mshipi hutoa taarifa za aliyenaswa tu, haumtaji aliyekosekana. Utafiti wa Wafaransa uliotolewa mwaka 2021 umeongeza uzito: silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, na jike hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Ukimvua jike mmoja, umeondoa kitu kitakachochukua vizazi vya binadamu kurudi.

Visima vyenye majina ya samaki

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2003 silikanti wa kwanza kuthibitishwa Tanzania alivuliwa Songo Mnara, Kilwa. Muda mfupi baadaye Tanga wakaanza kuwatoa kwa wingi, hasa kwenye jarife zinazotegwa maji marefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tena ni mkono wa mvuvi uliofika kwanza, na tena alichokuja nacho ni samaki aliyekufa. Nyavu hizo za kina zina historia yake: mwamba wa karibu ukiharibiwa kwa baruti, mvuvi hana budi kusogea mbele, na mbele ni chini.

Mtwara wanaijua baruti. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikachukua mikoko, matumbawe na vijiji vyenye watu. Mabishano kuhusu nani avue nini na kwa nyavu gani hayajawahi kwisha. Lakini karibu mabishano yote ni kuhusu maji mafupi, yale ambayo mzamiaji au doria inaweza kuyaona. Kilindi kilichoko mlangoni mwao hakimo kwenye mazungumzo.

Siyo kwamba hakuna aliyekitazama. Gesi ya ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na kuanzia 2010 kampuni za kigeni zilichimba visima katika maji marefu ya kusini mwa Tanzania, kwenye kina cha karibu kilomita moja na zaidi. Visima hivyo vilipewa majina yetu: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia. Katika kina hicho hakuna mtu anayeshuka. Kazi yote hutazamwa na roboti zenye kamera na taa, zinazoongozwa kwa waya kutoka melini. Wanasayansi wa mradi wa SERPENT wa Uingereza waliomba muda wa roboti hizo na kupiga picha za viumbe wa sakafuni mwa bahari ya Tanzania. Wazo zuri kabisa, lakini fikiria mpangilio wake. Kilindi cha mvuvi wa Msimbati kimepigwa picha, visima vyake vina majina ya samaki wa mvuvi huyo huyo, na yeye bado anapima kwa kidole.

Mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye vurugu kubwa kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Yalisemwa mengi wakati ule kuhusu nani anamiliki kilichoko chini. Mimi naona kuna swali linalotangulia la umiliki: nani amekiona? Ni vigumu kudai, kulinda au hata kubishana vizuri kuhusu mahali ambapo picha zake zote ziko kwa mtu mwingine.

Kujitengenezea si kubahatisha

Najua jibu la haraka: unataka vijana wa Mtwara wachomelee mapipa wazame? Hapana. Juni 18, 2023 nyambizi ya Titan ilipondeka ikielekea kwenye mabaki ya Titanic, kwenye kina cha mita 3,800 hivi, na watu wote watano waliokuwemo wakafa. Ilikuwa na ganda la nyuzi za kaboni, na wenye kampuni hawakutaka likaguliwe na taasisi huru za kuthibitisha vyombo. Wengi walisema baada ya hapo kwamba hayo ndiyo matokeo ya kujitengenezea.

Ila historia inasema vingine. JAGO ilikaguliwa na kuthibitishwa na shirika la ukaguzi wa meli la Germanischer Lloyd, ikazama zaidi ya mara elfu moja, na baadaye ikahamia kituo cha GEOMAR huko Kiel, bandari ileile alikozama Bauer. Na mmoja wa watu waliomwonya mwenye Titan alikuwa mjenzi wa nyambizi wa kujitegemea. Karl Stanley alianza kuunda nyambizi yake ya kwanza akiwa na miaka 15, akaja kuendesha ya pili huko Honduras. Mwaka 2019 alishuka ndani ya Titan, akasikia ganda likilia, akaandika barua kusema hivyo. Mtu aliyechomelea chombo chake mwenyewe anaijua sauti ya chuma na isiyo ya chuma. Kilichoua Titan ni kukataa kusikia. Fundi wa dau anayeambiwa na mwenzake kwamba ubao umeoza, naye akapaka deheni juu yake, anafanya kosa lilelile.

Isitoshe, leo si lazima mtu ashuke. Mwaka 2012 Eric Stackpole na David Lang, Wamarekani wawili waliotaka kuchungulia pango lenye maji lililosemekana kufichwa dhahabu, walitoa roboti ndogo ya chini ya maji waliyoiunda gereji, OpenROV, na michoro yake wakaiacha wazi kwa yeyote. Kuna njia nyepesi zaidi inayotumiwa na watafiti wa samaki duniani kote: kamera na taa ndani ya ganda imara, chambo mbele yake, vyote vikishushwa kwa kamba na kuachwa saa moja au mbili. Hakuna kaboni dayoksaidi ya kuhofia wala mlango wa kufunga. Kinachobaki ni ule mkandamizo, na ganda la ukubwa wa birika ni rahisi kulijenga kuliko la kumbeba mtu.

Mwenye mashua, kamba, chubwi na ujuzi wa mahali mkondo unapogeuka ameshapata nusu ya chombo hicho. Ujuzi huo uko Msimbati. Nusu nyingine, kamera na ganda lake, inaweza kuundwa katika karakana ya chuo chochote cha ufundi chenye mwalimu mvumilivu. Fricke alikwenda Ngazija kwa sababu wavuvi walikuwa wamemwonyesha, kwa samaki waliowavua, wapi pa kutazama. Wavuvi wa Ruvuma nao wana orodha yao ya mahali ambapo mshipi hukatika bila sababu, au ndoana hurudi na kitu kisicho na jina. Orodha hiyo ingeandikwa, pima kwa pima, kabla wazee wanaoijua hawajaondoka nayo, tungekuwa na ramani ya kwanza ya mahali pa kushusha kamera. Naanzia hapo, kwenye kuandika, kwa sababu ndiyo kazi ambayo sisi wa vitabu hatuwezi kusema hatuna vifaa vyake.